Besi ya Neno la Mwisho

Mashineni, Rujewa
Jioni, umeme haujarudi

Kabula mwanangu,

Barua inatakiwa ianze kwa kuulizia hali ya anayeandikiwa, lakini hali yako naijua. Mchana nimekuona unakunja magauni yako na kuyakunjua tena, mpaka shangazi yako akakunyang'anya begi akalifunga mwenyewe. Hali yangu nayo unaijua. Umeme umekatika tangu mchana, wateja wamelala juu ya magunia yao ya mpunga wakisubiri, na mimi nimekaa mlangoni na karatasi magotini. Wewe umekwenda kumuaga bibi yako, mama wa mama yako, kule kwa wafugaji ng'ambo ya mfereji, na ninavyomjua hatakuachia mpaka akunyweshe maziwa utapike.

Ningeweza kukuandikia kwenye simu. Ungenijibu kwa kale kapicha ka kidole gumba, basi, mambo yameisha. Ndiyo maana nimetafuta kalamu.

Sikuandikii namna ya kuishi chuoni. Mambo ya blanketi, ya baridi ya Iringa, ya kutoacha ndoo nje, ya wavulana, shangazi yako ameyamaliza wiki nzima hii, na mengine ameyarudia mbele za watu mpaka nikakuonea huruma. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la muziki, usicheke. Kesho asubuhi, kabla hatujakusindikiza kupanda basi pale Igawa, wanakwaya watakuja tufanye sala ya safari, na tutaimba ule wimbo wangu wa kuagana. Nataka uuimbe kwa sauti yako. Siyo hiyo unayoitoa kanisani, ile yako. Nikinyamaza leo utaondoka na hiyo nyingine, watu wa chuo watakujua kwa hiyo, na ukikaa nayo miaka utasahau kwamba ulikuwa na ya kwako. Hilo ndilo linaloninyima raha, kuliko hata safari yenyewe.

Nianzie mbali kidogo, univumilie.

Ulikuwa hujaanza shule. Mama yako akienda jarubani kupalilia mpunga anakuacha hapa na mimi, unakaa juu ya magunia, uso mweupe kwa vumbi la pumba, unaimba peke yako. Wakati ule tulikuwa na mashine mbili, ile kubwa mpya na ile ya zamani iliyokuwa kule ukutani, nzito, yenye mngurumo wa chini zaidi. Siku moja ulikuwa na kaimbo kako, sijui ulikatoa wapi, do mi sol, sol mi do, unakazungusha hivyo hivyo huku mashine kubwa inanguruma. Mkanda ukakatika. Nikaizima, nikawasha ile ya zamani ili wateja wasikae bure. Wewe ukaendelea na kaimbo kako, halafu ukanyamaza, ukateremka, ukanijia umenuna.

"Baba, umeniharibia wimbo," ulisema. "Sasa unalia."

Nikakuambia wimbo ni ule ule, mbona unaimba vile vile. Ukakataa. Ukaniimbia, na mimi nikainama nikusikie vizuri, na kweli, ulikuwa unalia. Wewe hukubadilisha chochote. Ile mashine kubwa ilikuwa inanguruma penye do, ya zamani inanguruma chini yake, penye la. Do mi sol yako ikikaa juu ya do ni mtoto anacheza. Ikikaa juu ya la ni mtoto yule yule, amefiwa. Ulichanganyikiwa kwa sababu koo lako halikuwa na kosa na bado wimbo ulikuwa umegeuka.

Na mimi, mwalimu wa kwaya, nilifanya nini na jambo hilo? Niliwasimulia wanakwaya Jumamosi, tukacheka sana, tukaendelea na mazoezi.

Sauti zikiimbwa pamoja hivyo, wapiga vinanda wanaita kodi. Wewe ulidhani tunazungumzia ile ya serikali, ukaniuliza kwa nini watu wanaiimba badala ya kuilipa. Kila kodi ina jina lake. Do mi sol inaitwa kodi ya do, hilo halina mjadala. Lakini ongeza la, uwe na do, mi, sol na la kwa pamoja, hapo ndipo watu wazima wanapogombana. Mmoja atasema ni kodi ya do, imeongezewa la. Mwingine atasema hapana, ni kodi ya la, ile ya huzuni tunayoiita maina, imeongezewa sol. Nota ni zile zile nne. Miaka mingi mimi nilikuwa yule wa kwanza, na sikutaka kusikia la mtu.

Unajua nilivyolelewa. Kwetu Iringa, kwenye usharika wa baba yangu, nota iliandikwa ubaoni kwa chaki na ikiandikwa imeandikwa. Anayeimba kitu kisichoandikwa anatolewa nje, hata kama ni mke wa mchungaji. Nilishuka huku Usangu kutafuta kazi na ubao wangu kichwani. Ndipo nikamsikia mama yako.

Wazazi wake walikuwa wamehama na ng'ombe kutoka Usukumani, wamejenga ng'ambo ya mfereji hapo hapo alipo bibi yako leo. Nilikuwa napita jioni na baiskeli nikasikia mtu anaita ndama, sauti nene, imetulia, inatoka tumboni. Nikadhani ni kaka yake. Nikaona afadhali nimsalimie huyo kijana nimkaribishe kwenye kwaya, maana besi tulikuwa hatuna. Akatokea msichana na fimbo. Nikababaika, nikatoa Kisukuma pekee nilichokuwa nacho, nikasema mwangaluka, ile salamu ya asubuhi, na jua limeshazama. Alicheka mpaka akaegemea zizi. Nikapenda hata jinsi alivyocheka, kwa chini vile vile.

Akaja kwaya, akasimama nyuma, akashika besi. Wanaume wetu ukifika msimu wa mpunga wanahamia mabondeni, wengine hadi Madibira, kwaya inabaki na akina mama na mimi na sauti yangu ya tatu. Kwa hiyo nilimshukuru Mungu. Lakini watu walisema. Ndugu zangu walipotoka Iringa kuja kwenye harusi, shangazi yako, huyu huyu anayekufungia begi, alimsikia bibi harusi akiimba akafunika uso kwa kanga. Aliniambia pembeni kwamba nimeoa vizuri ila nimfundishe kuimba kama mwanamke. Mimi nilitabasamu. Nilipaswa kumjibu pale pale, lakini nilitabasamu, na ile aibu ikaingia ikakaa.

Ule wimbo wa kuagana niliutunga tukiwa tumeoana. Neno la mwisho unalijua, njia yako iwe nyeupe. Kwenye hiyo "nyeupe" ya mwisho sauti ya kwanza inatua kwenye sol, ya pili mi, ya tatu do, na besi niliiandikia do ya chini. Inatua vizuri, nyumbani kabisa. Tuliuimba kwenye harusi, kwenye ubatizo, watu wakihamishwa kazi. Halafu mwanakwaya mwenzetu akafiwa na kitoto chake kichanga, tukaenda kuimba makaburini.

Tulipofika kwenye neno la mwisho, mama yako hakutua kwenye do. Alipita, akashuka mpaka la, akakaa pale. Sisi wengine hatukuhama, kila mtu alishika chake kama tulivyofundishwa. Lakini wimbo ulifunguka chini. Yule mama aliyefiwa, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekauka tu anatazama watu, alianza kulia.

Mimi nilikasirika. Sikuficha, unajua hasira zangu za kwaya. Kwenye mazoezi nikamsimamisha mbele ya wote nikamwonyesha ubao. Nikamwambia nota inasema do. Akasema anaiona. Nikamuuliza basi ile aliyoimba inaitwaje, maana mimi nimeandika kodi ya do, yeye amenitilia la, sasa nimwandikie nini mpiga kinanda.

"Andika unavyotaka," alisema. "Mimi nilikuwa natazama kale kasanduku. Do isingetoka."

Akakaa. Na kila tulipoimba mazishini baada ya hapo alishuka kwenye la, na kila harusini alirudi kwenye do, bila kuniuliza. Nilikuwa nasimama mbele na mkono juu bila kujua wimbo wangu utaishia wapi. Sasa hivi nikikumbuka naona ni kitu kizuri sana. Wakati ule niliona nadharauliwa na mke wangu mbele ya watu.

Yakaja mashindano ya kwaya kule Chimala. Nikamchukua Nehemia, fundi baiskeli, ana kifua kama pipa, nikampa besi. Mama yako nikamhamishia sauti ya pili. Nilimwambia ni kwa sababu ya waamuzi, watashangaa kuona mwanamke kwenye besi watatupunguzia alama. Hakubisha, akasogea mstari wa mbele na wenzake. Na tulishinda, mwanangu. Mwamuzi alisifu kwamba kila nota ilikuwa mahali pake. Tulirudi juu ya fuso tunaimba njia nzima, na mama yako amekaa kwenye ukingo amejifunga kitenge kwa ajili ya upepo, anapiga makofi kwa mdundo, haimbi. Nilimwona. Nikajisemea amechoka.

Tungeshindwa siku ile labda ningemrudisha. Tulishinda, basi ikawa hivyo moja kwa moja. Alikaa sauti ya pili miaka yote tangu ulipoanza kumwona kwa akili zako, akinyoosha shingo kufikia nota ambazo hazikuwa zake, akirudi nyumbani amekauka koo anakunywa maji ya tangawizi. Wewe ulidhani mama ana mafua ya kila Jumapili.

Halafu wakatuita walimu wa kwaya kwenye semina Iringa. Mwalimu mmoja mzee wa kinanda akaandika ubaoni nota nne, do mi sol la, akauliza hiyo ni kodi gani. Mimi nikanyoosha mkono haraka, nikasema ni ya do yenye la. Mwingine akasema ni ya la. Tukabishana pale kama watoto. Yule mzee akatuacha mpaka tukachoka, akasema, "Mbona hamjaniuliza nani yuko chini?" Akakaa kwenye kinanda. Mkono wa kulia aliuweka mahali pamoja, hakuuondoa. Wa kushoto akabonyeza do, tukasikia nyumbani. Akabonyeza la, na mimi nilirudi makaburini siku ile, na nikarudi hapa mashineni, wewe umenuna na vumbi usoni. Alisema zikiandikwa hivyo bila besi hazina jina la hakika, na anayeshika sauti ya chini ndiye anayezipa jina wote walio juu yake, hata kama wao hawajahama.

Nilirudi na basi nimejaa maneno hayo. Nilitaka nimwambie mama yako siku hiyo hiyo. Nilifika nikamkuta anapepeta mchele, nikaona aibu, nikasema nitamwambia kesho. Unanijua. Nilimwambia alipokuwa ameshalala kitandani na ule ugonjwa wa kifua, nikaeleza vizuri kabisa, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa unangoja mtu wa Iringa akuambie nilichokuwa naimba," alisema.

Nikamwambia akipona anarudi kwenye besi, Nehemia atanisamehe. Akaweka mkono kifuani akasema huko chini sasa hakuna kitu. Hakusema kwa hasira. Akaniomba nimgeuze alale upande wa pili, nikamgeuza.

Sasa nafika pale ambapo mimi na wewe hatujawahi kupazungumzia.

Siku tuliyomzika niliwaachia wengine kuongoza kwaya, nikakaa upande wa wanaume. Wewe ulikuwa umekaa mkekani na shangazi zako. Wakauimba wimbo wangu. Nilikuwa nimeinamisha kichwa najua kabisa utaishia wapi, maana niliuandika mwenyewe na Nehemia anaheshimu ubao. Wakafika kwenye neno la mwisho, Nehemia akatua kwenye do yake. Na chini ya hiyo do nikasikia la. Nene, imetulia, inatoka tumboni. Ikasuguana na ya Nehemia, ikakwaruza, lakini haikutoka.

Nikageuka. Uliniona ninavyokutazama. Shangazi yako naye akakusukuma na kiwiko, ukanyamaza katikati ya pumzi, ukaingiza uso kwenye kanga. Tangu siku hiyo umehamia sauti ya kwanza. Unaimba huko juu umekaza shingo, mishipa imesimama, na jioni unakunywa maji ya tangawizi. Watu wananiambia binti yako ana kasauti kazuri, nami naitikia asante.

Najua ulichosoma usoni pangu. Ulidhani nimekasirika, kwamba hata siku ya kumzika mama yako mimi bado nalinda nota yangu. Una haki ya kudhani hivyo, nilikuwa nimewahi kukasirikia jambo hilo hilo mbele za watu. Lakini sikiliza, Kabula. Sikukasirika. Niligeuka kwa sababu nilidhani ni yeye. Kwa pumzi ile moja nilidhani mama yako anaimba, na nikageuka kumtafuta. Nilipoona ni wewe nililemewa, nikashindwa kuondoa macho, na nikashindwa kukuita. Uso wangu ndivyo ulivyo, ukilemewa unakunja ndita.

Nilipaswa kuja kukuambia jioni ile ile. Nikasema kesho. Kesho hizo ndizo zimefika mpaka leo, begi lako limefungwa, na mimi ndiyo kwanza nashika kalamu mbele ya wateja.

Sikuombi unihurumie. Mimi nakosa mtu wa kumwambia haya isipokuwa wewe, na nina huzuni ambayo haina pa kwenda. Nyumba itakuwa kimya, nitarudi kutoka mashineni nikute shangazi yako na redio. Lakini hiyo ni yangu. Unakokwenda utakuta watu wengi wanaojua sauti ya msichana inatakiwa itokee wapi. Wengine watakupenda na watakuambia kwa upendo, kama mimi nilivyomwambia mama yako. Mtu anaweza kushangiliwa maisha yake yote mahali ambapo si pake, nimeliona hilo nyumbani kwangu mwenyewe.

Sasa ya kesho. Leo asubuhi nimepita kwa Nehemia gereji nikamweleza. Amekuwa mzee, amefuta mikono, akasema alijua tangu siku ya mazishi. Kwenye neno la mwisho yeye na wanaume wenzake watafunga midomo. Sauti ya kwanza watashika sol, akina mama wa pili watashika mi, mimi nitashika do yangu ya juu. Chini patakuwa wazi. Shangazi yako nimemwambia pia, na akikugusa na kiwiko atanitambua.

Siwezi kukuambia uimbe ipi. Ukitua kwenye do, tutakuwa tunamsindikiza msichana anayekwenda kusoma, na ni kweli, ndivyo ilivyo. Ukishuka kwenye la, tutakuwa tunaachana na mtu, na hilo nalo ni kweli. Nimejaribu tangu mchana kuamua mimi ningependa ipi nikashindwa. Na ukiona koo limekataa, nyamaza, tutapanda gari, sitakuuliza.

Umeme umerudi, wanaanza kunigongea mlango. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako ukirudi uikute, na mimi nitajifanya nimelala.

Kesho nitaimba do yangu niishikilie mpaka pumzi iishe. Sitajua inaitwaje mpaka nikusikie chini yake.

Baba yako,
wa sauti ya tatu